Mtoto anayataja madhara ya sigara na pombe bila kukosea. Je, kitabu kimemkinga?

#1 MamaTandika

Wakuu, heshima zenu.

Jana jioni nimekagua daftari la sayansi la mwanangu, yuko darasa la tano. Swali: taja madhara manne ya kuvuta sigara. Kajibu kansa ya mapafu, magonjwa ya moyo, kikohozi kisichoisha, kupoteza fedha. Vyema vinne, na mwalimu kaandika "Hongera" kwa wino mwekundu. La pombe nalo kapata lote. Hatujafunga hata daftari, mjomba wake aliyekuja kututembelea akamwita: "Anko, kimbia dukani kaniletee sigara mbili na kiberiti." Mtoto kapokea hela, katoka mbio, karudi nazo mkononi pamoja na chenji. Si muuzaji, si mjomba, si mtoto mwenyewe aliyeona ajabu.

Sasa nauliza. Haya masomo ya afya vitabuni yanamkinga mtoto, au yanamwandaa kwa mtihani tu? Watoto wa darasa la saba mtaani kwetu nimeanza kuwaona na vipakiti vya kuberi, ile tumbaku ya kuweka mdomoni, kwenye mifuko ya kaptula za shule. Walimu, madaktari, wazazi wenzangu, tujadili.

#2 KijanaBuza

Nimekaa siti ya mbele dada. Sisi tulifundishwa kwa ile picha ya mapafu mazuri na mapafu meusi. Wengi waliokuwa dawati la nyuma na mimi leo wanavuta. Picha waliiona, tena waliichora vizuri.

#3 MwalimuMbagala

Shikamooni wakubwa. Dada #1, mimi niko darasani, Mbagala, acha niseme hali ilivyo. Mada ikifika nina kipindi cha dakika 40, watoto wamebanana dawati moja wanne, na mtihani unasubiri. Mtihani unauliza "taja", basi nami nafundisha kutaja. Vitabu vya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania) si vibaya. Ninachokosa ni muda wa kutoka kwenye orodha na kufika kwenye maisha yao.

Mwaka jana nilifanya hivi. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, itoboe karibu na kitako kwa msumari wa moto, ziba tundu kwa kidole, jaza maji. Kifuniko nacho kitoboe tundu la upana wa sigara, weka pamba nyeupe chini yake, funga, chomeka sigara. Ukiwasha na kuachia tundu la chini, maji yanatoka na chupa inaanza kuvuta. Inajaa moshi mzito mweupe. Tulifanyia nje, watoto wamesimama upande upepo unakotokea. Nikafungua, nikaitoa pamba: imekuwa ya kahawia, sigara moja tu. Nikawapitishia waione. Binti mmoja akaileta puani akasema, "Mwalimu, inanuka shati la baba."

Hapo ndipo somo lilipoanza. Akaniuliza kama baba yake atakufa. Orodha ya madhara haina jibu la swali hilo. Nikamwambia ukweli ninaoujua: anayeacha, mwili wake unaanza kupata nafuu mapema. Ndani ya dakika 20 mapigo ya moyo yanashuka, na baada ya mwaka mmoja hatari ya ugonjwa wa moyo inapungua kwa karibu nusu. Mtoto mwenye mvutaji nyumbani anahitaji hilo kabla ya kansa. Tukimpa kansa peke yake, tunamrudisha nyumbani na hofu ambayo hana wa kumweleza.

#4 KondaMstaafu

Nimekata tiketi njia ya Gongo la Mboto miaka mingi, naomba nichangie. Madhara nilifundishwa na niliyajua kama huyo mtoto wa #1. Siku ya kwanza kuvuta sikupewa kansa, nilipewa nafasi kwenye benchi la kijiweni. Wale wakubwa wanaocheza drafti ndio wanaojua gari ipi inatafuta konda. Wanakupokea ukiwa na kitu cha kushika mkononi. Kitabu kiliniambia habari za mapafu, benchi hakikuligusa. Nimevuta mpaka nikaanza kuhema kwa kupanda ngazi ya basi, na kuacha kulikuja na hasira nyingi nyumbani kwangu.

Kwa hiyo mimi naona mtoto haanzi kwa sababu hajui. Anaanza kwa sababu anataka kukaa na watu.

#5 SayansiKwanza

Konda umesema kweli, ila tusiitupe elimu. Nikotini, kilevi kilichomo kwenye tumbaku, ikivutwa inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20, na ubongo wa binadamu unaendelea kukomaa mpaka miaka ya ishirini na kitu. Ndiyo maana anayeanza na miaka 13 inamshika vibaya kuliko anayeanza na 30. Hilo ni jambo la mtoto mwenyewe, la umri wake, na halimo kwenye majibu manne ya daftari.

Angalia tena majibu yale: kansa, moyo, kikohozi sugu. Karibu yote ni ya uzeeni. Mtoto wa miaka 11 hana picha ya kuwa na miaka 60. Mwambie ya wiki hii: pumzi inakata uwanjani, mdomo unanuka, hela ya chipsi inayeyuka, na baada ya muda mfupi ukikosa unakuwa mkali bila sababu. WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema tumbaku inaua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, na zaidi ya milioni moja kati yao hawavuti, wanapata moshi wa wenzao. Pombe, kwa hesabu ya 2019, vifo milioni 2.6. Ni takwimu nzito, lakini zinamgusa waziri kuliko mtoto.

#6 AbuuSalim

Assalaam alaykum. Mimi niko tofauti na nyote. Kadiri mnavyomweleza mtoto aina za ulevi kwa undani, ndivyo anavyopata hamu. Binti yangu alikuwa hajui kuberi ni kitu gani mpaka walipotajiwa shuleni. Zamani mtoto aliambiwa hii haramu, hii aibu ya ukoo, akaelewa. Leo mnataka aonyeshwe chupa inavyovuta sigara! Malezi na dini vingetosha. Kemia ya nini kwa mtoto wa darasa la tano?

#7 BintKilwa

Wa alaykum salaam sheikh wangu. Kwa heshima zote, mimi na kaka zangu tulisoma chuo kimoja cha Qur'ani, tukaambiwa haramu sawasawa. Walipofika sekondari wawili kati yao walikuwa wakitafuna mirungi usiku kucha eti wasome. Hakuna aliyewaeleza mirungi inaufanya nini usingizi na moyo, wao waliona pombe na sigara tu ndizo zilizokatazwa. Na kuberi, bintiyo angeiona tu. Madukani inaning'inia pamoja na bazoka na karanga.

#8 MwlKemiaUkonga

Mimi ni wa sekondari. Kwa pombe sina haja ya maneno mengi. Navunja yai, namimina ute kwenye glasi, naongeza pombe kali. Baada ya muda mfupi ute unageuka mweupe na kuganda. Nawaambia ubongo nao una protini, sasa amueni wenyewe. Wanafunzi wangu wa miaka ya nyuma nikikutana nao Ukonga madukani bado wananitajia lile yai.

#9 MsomajiHistoria

Mwalimu wa kemia, yai lako lina historia ndefu, na inafaa tuijue kabla hatujaandika vitabu vingine.

Marekani karne ya 19 kulikuwa na umoja wa wanawake Wakristo wa kupinga ulevi, WCTU. Ndani yake alikuwepo mama mmoja, Mary Hunt, aliyewahi kufundisha kemia. Aliamua vita ya pombe ipiganwe darasani. Vermont ikawa jimbo la kwanza kuweka sheria mwaka 1882, na kufikia 1901 majimbo yote yalilazimisha shule zifundishe madhara ya pombe na tumbaku ndani ya somo la mwili na afya. Hunt akawa ndiye anayepitisha vitabu. Alitaka robo ya kurasa iwe ya mada hiyo. Mchapishaji asiyekubali alikosa muhuri wake, na bila muhuri kitabu hakiuziki.

Matokeo yake vitabu vikaanza kushindana kutisha. Vipo vilivyowaambia watoto kwamba pombe ikipita kooni inaunguza ngozi yote, na kwamba wanywaji wengi wa bia hufa kwa kuvimba mwili. Walimu wakawaonyesha ute wa yai ukigandishwa na pombe, kama unavyofanya wewe Ukonga. Mwaka 1893 wasomi wakaunda Kamati ya Hamsini kuchunguza suala la pombe. Mmoja wa waliofanya kazi nayo, Atwater wa chuo cha Wesleyan, alimfungia mtu kwenye chumba maalumu cha kupimia joto la mwili, akaonyesha kwamba kiasi kidogo cha pombe mwili unakiunguza na kupata nishati. Hakusema pombe ni nzuri. Alisema tu kwamba vitabu vimeandika uongo. Hunt na wenzake wakamshambulia vikali. Ripoti ya Kamati ilipotoka 1903 ikavikosoa vitabu vile waziwazi.

Ninachokiogopa mimi ni hiki. Mtoto anayesoma kwamba bia inachuna koo, kisha jioni anamwona babu anakunywa na koo lake zima, hatakiamini tena kitabu hicho hata kikisema jambo la kweli. Na ya kweli yapo ya kutosha. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka pombe kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani tangu 1988. Huhitaji yai. Hata mtu aliyelewa hadi kuzimia, pombe kwenye damu yake haifiki asilimia 1. Kwenye glasi yako umeweka ya asilimia karibu 40.

#10 MwlKemiaUkonga

Nimekusoma vizuri mkuu, na hesabu ya damu naikubali. Ila yai halitoki darasani kwangu. Pombe kali kabla haijafika kwenye damu inapita mdomoni, kooni na tumboni ikiwa vilevile, hasa kwa hawa vijana wanaokunywa kavu na tumbo halina kitu. Utando wa tumbo unakutana na asilimia 40 hiyohiyo. Kinachobadilika ni maelezo yanayofuata, jaribio ni halali.

#11 KijanaBuza

Walimu wawili hawa nawaomba wakae meza tofauti kidogo 😄

Ila mkuu #9 hujamalizia. Watoto waliosomeshwa vitabu vile walipokuwa wakubwa walifanya nini? Maana najua Marekani ilikuja kupiga marufuku pombe nchi nzima.

#12 SayansiKwanza

Ndiyo, marufuku ilianza kutumika Januari 1920 na ikafutwa Desemba 1933. Wapo wanaosema ni matunda ya vitabu vya Hunt: kizazi kilichosoma habari hizo kikawa ndicho kinachopiga kura. Wapo wanaosema hapana, ilikuwa siasa, vita ya kwanza ya dunia, na chuki dhidi ya Wajerumani waliokuwa wenye viwanda vingi vya bia. Na tukumbuke kwamba kizazi hichohicho ndicho kilichokunywa kwa kificho miaka yote hiyo. Ukitaka kutumia mfano huo kuthibitisha kwamba vitabu vinafanya kazi, utathibitisha. Ukitaka kinyume chake, pia utathibitisha.

#13 MnyamweziDar

Wakuu, mnazungumzia tumbaku kana kwamba inashuka kutoka mawinguni. Mimi ni wa Urambo, Tabora. Ada yangu, sare zangu, bati la nyumba ya mama, vyote vimetoka kwenye tumbaku. Tulikuwa tunasoma asubuhi madhara ya sigara, mchana tunakwenda shambani kuchuma majani. Asubuhi yenye umande ukichuma majani mabichi, nikotini inaingia kwa ngozi: kizunguzungu, unatapika, kichwa kinagonga. Wazee walituambia tumezidiwa na jua. Kumbe ni ugonjwa unaojulikana wa wachumaji wa tumbaku, na hakuna kitabu nilichosoma shuleni kilichoutaja.

Kisha majani yanakaushwa kwa kuni. Miti ya miombo imekwisha kwetu. Kitabu cha afya kikiishia kwa mvutaji wa Dar, mtoto wa Urambo, Chunya au Kahama kinamwacha nje. Naye ni mtoto wa Tanzania, na tumbaku ilimgusa mikono kabla ya mdomo.

#14 MamaTandika

Mnyamwezi, hili sikuwahi hata kulifikiria. Asante. Na wazazi walipokuwa wanawasikia mkitaja madhara ya zao lao, walisemaje?

#15 MnyamweziDar

Baba alisema, "Andika anachotaka mwalimu, upasi." Hakuwa na ubaya. Mwaka huo bei ilikuwa nzuri.

#16 MshauriShule

Nimefanya ushauri nasaha shuleni, na klabu za kupinga dawa za kulevya nimezilea. Turudi kwenye swali la #1, lina majibu kiasi fulani.

Mwaka 1983 polisi wa Los Angeles walianzisha mpango ulioitwa DARE. Askari mwenye sare anaingia darasani, anaeleza madhara, watoto wanaahidi kutotumia. Ulienea nchi nzima na kwingineko. Watafiti walipoupima miaka ya 1990 wakakuta watoto waliopitia mpango ule na wasiopitia hawatofautiani sana. Mwaka 2009 waliokuwa wakiuendesha wakabadilisha mtaala. Huo ndio ushahidi kwamba kujua madhara pekee hakutoshi.

Upande wa pili kuna Botvin, wa chuo cha Cornell, aliyejenga masomo yake kwenye stadi za maisha: namna ya kukataa bila kugombana, namna ya kutulia ukiwa na wasiwasi, na kuwaonyesha watoto kwamba wenzao wanaovuta ni wachache kuliko wanavyodhani. Mwaka 1995 walichapisha matokeo ya kuwafuata wanafunzi kwa miaka sita, na waliofundishwa vizuri walitumia kidogo kuliko wenzao. Mimi darasani nawaweka wawili wawili, mmoja anamshawishi mwenzake, mwingine anajibu. Tunarudia mpaka jibu linatoka bila kutafutwa.

#17 SayansiKwanza

Uweke na upande wa wakosoaji, mkuu. Waliosoma utafiti ule wa 1995 walilalamika kwamba matokeo mazuri yanaonekana zaidi pale unapochagua wanafunzi waliopata sehemu kubwa ya masomo. Na ule ulikuwa na walimu waliofunzwa na vipindi vya marudio. Mwalimu wa #3 mwenye dakika 40 na watoto wanne kwa dawati hatapata matokeo yale kwa kufungua ukurasa.

#18 KondaMstaafu

Mshauri, hilo zoezi nimelipenda, ila lichezwe na lugha ya kijiweni. Mtaani hakuna atakayekwambia "karibu rafiki, uvute sigara". Utaambiwa "shika hii nifunge kamba ya kiatu". Utaambiwa "wewe bado unanyonya?" Au hawasemi kitu, wanakupitishia tu kama wanavyompitishia kila mtu, na wewe ndiye utakayeonekana umekatisha mzunguko. Wewe mwalimu wafundishe kukataa hiyo ya mwisho, ndiyo ngumu kuliko zote.

#19 MangiWaKona

Naona kila mtu anamtaja muuzaji, basi muuzaji niko hapa. Nina duka Tandika. Mtoto akija na hela kusema "baba kasema sigara mbili", mimi namjua baba yake, anakaa nyumba ya tatu. Siku moja nilikataa. Baba kaja mwenyewe, kanifokea mbele ya wateja kwamba nimemdharau, na tangu hapo mkate ananunua kwa jirani yangu. Faida ya sigara moja moja ni ndogo sana, sing'ang'anii hiyo. Ninachopoteza ni unga, sukari na mafuta ya nyumba nzima. Na mtoto nikimkatalia anavuka barabara, anauziwa.

Kwa hiyo mnaposema mtoto afundishwe, sawa. Aliyemtuma yeye anasoma kitabu gani?

#20 WakiliMtaani

Mangi, sheria iko upande wako siku unapokataa. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumuuzia mtoto sigara au pombe, na mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18, awe ametumwa au amejituma. Sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku tunayo tangu 2003. Mwaka 2007 Tanzania ikaridhia Mkataba wa WHO wa kudhibiti tumbaku. Kifungu cha 12 ni elimu kwa umma, ndicho mnachokijadili. Kifungu cha 16 kinahusu watoto, na humo nchi zinatakiwa zijitahidi kuzuia uuzaji wa sigara moja moja, kwa sababu moja moja ndiyo bei ya mtoto.

#21 KijanaBuza

Sheria zikisimamiwa zinafanya kazi kuliko vitabu vyote. Viroba si vilipigwa marufuku 2015 vikapotea? Enzi zile makonda wetu na wanafunzi walikuwa wanavifyonza asubuhi kweupe.

#22 WakiliMtaani

Si 2015. Marufuku ya pombe kali za kwenye vipakiti vya plastiki ilianza tarehe 1 Machi 2017, Waziri Mkuu wa wakati huo, Majaliwa, aliitangaza Februari mwaka huohuo. Shisha ndiyo ilitangulia, Julai 2016, Dar.

#23 KondaMstaafu

Na baada ya viroba zikaja chupa ndogo za plastiki, zinaingia mfukoni vilevile. Bei ilipanda kidogo, hilo nakubali, na kwa mtoto asiye na kipato bei ni kila kitu. Mimi ningeulizwa, ningepandisha bei kwanza halafu ndiyo niandike kitabu.

#24 MzeeKitunda

Vijana, mmesahau jezi. Kuna miaka Simba na Yanga wote walibeba jina la bia kifuani, na Taifa Stars pia. Mjukuu wangu alijifunza kusoma herufi kubwa kwenye jezi ya Yanga. Mwalimu atafundisha ukurasa mmoja kwa mwaka, ile jezi ilifundisha kila Jumamosi.

#25 BintKilwa

Mzee wangu, mjukuu wa Yanga asingekosa kujua kusoma, wa Simba ndio walikuwa wanaangalia magoli tu 😄

#26 MzeeKitunda

Binti, tuheshimiane. Mimi ni Simba, mjukuu ndiye aliyepotoka.

#27 MsomajiHistoria

Mzee kagusa jambo. Tujiulize pia nani anaandika ujumbe. Mwaka 1998 kampuni ya sigara ya Philip Morris ilitoa kampeni yake Marekani, "Think. Don't Smoke", ya kuwaambia vijana wasivute. Mwaka 2000 ikaja nyingine, "truth", isiyo ya kampuni, iliyokuwa inawaonyesha vijana jinsi kampuni zilivyowaficha watu ukweli. Utafiti wa 2002 ulikuta vijana walioona ile ya kampuni walikuwa na mwelekeo zaidi wa kusema huenda wangevuta, na walioiona ya pili walikuwa kinyume chake. Kijana hapendi kuambiwa yeye ni mdogo, subiri ukue. Akiambiwa kuna mtu mzima anakula hela yake kwa hila, anakasirika, na hasira hiyo inamsaidia. Mimi ningeiweka kwenye kitabu cha darasa la sita bila kusita.

#28 MuuguziTemeke

Samahani nimechelewa, nilikuwa zamu. Nimesoma wote. Mnabishana namna ya kumzuia mtoto asianze, vizuri. Mimi nina pengo lingine. Zamu za mwisho wa wiki tunapokea vijana wadogo waliozimia kwa pombe, na wenzao waliowaleta wamewamwagia ndoo ya maji, wamewapa maziwa, wamewatia vidole kooni watapike, au wamewaacha chali walale "pombe iishe". Wote walisoma madhara ya pombe shuleni. Hakuna aliyefundishwa cha kufanya.

Kurasa mbili tu zingetosha. Ningefurahi kuziona kwenye kitabu chochote cha afya.

#29 AbuuSalim

Dada Muuguzi, nakuheshimu, kazi yako ni ya ibada. Lakini ukimwandikia mtoto "mwenzako akizidiwa na pombe fanya hivi", umeshamwambia kwamba kunywa ni jambo la kawaida lenye utaratibu wake. Mlango huo ukiufungua haufungiki.

#30 MuuguziTemeke

Sheikh, mtoto ninayemfikiria huenda hajaonja kabisa na hataonja. Ana miaka kumi, mama yuko sokoni, na baba karudi kaanguka mlangoni. Nyumba yenye mtu mzima mwingine ni bahati. Mtoto huyu yuko kwenye kila darasa la mwalimu wa #3. Tutamwambia kwamba baba kafanya haramu, ni kweli. Baada ya hapo?

#31 MwalimuMbagala

Wapo, dada, nawajua kwa majina. Hebu tuandikie hizo kurasa mbili hapahapa, kwa lugha ya mtoto wa darasa la tano. Jumatatu nina kipindi.

#32 MuuguziTemeke

Sawa mwalimu, nakili hivi.

Mwite kwa jina na umtikise bega. Akiitika, mkalishe au mlaze kwa ubavu, usimwache peke yake. Asipoitika, mlaze kwa ubavu, goti la juu likunjwe mbele lishike ardhi asibingirike, mdomo uelekee chini kidogo ili akitapika yatoke nje yasirudi kooni. Usimlaze chali. Usimpe kahawa, maziwa wala chakula, usimtie kidole, usimwogeshe maji baridi. Pombe inaondolewa na ini taratibu, hakuna kinachoiharakisha, na inaweza kuendelea kupanda kwenye damu hata baada ya mtu kuacha kunywa. Kwa hiyo "amelala tu" isikutulize, endelea kumwangalia kifua kinavyopanda na kushuka.

Ukiona anapumua kwa shida au kwa kusitasita, midomo imebadilika rangi, mwili wa baridi, au haamki kabisa, kimbia kwa jirani mtu mzima, apelekwe hospitali. Kama alikunywa gongo na anasema anaona ukungu, usisubiri asubuhi, inaweza kuwa methanoli, aina ya pombe yenye sumu, na macho yanaharibika. Sema ukweli alichokunywa, hospitali hatumkamati mtu.

Na mwalimu, waambie mwishoni kwamba si kosa la mtoto. Tena liandike ubaoni, walinakili kama wanavyonakili yale madhara manne.

#33 AbuuSalim

Hilo la mwisho silipingi. Ya katikati bado nina neno, nitarudi baada ya Isha.